Oktani Sahihi kwa Injini ya Gari Lenye Nguvu

Namba ya oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Haipimi wingi wa nishati iliyomo ndani ya lita moja, haipimi usafi wa mafuta, wala haitabiri kasi ambayo gari litapata. Petroli ya 91 na petroli ya 98 hubeba nishati inayokaribiana sana, takriban megajuli 32 kwa lita. Kinachozitofautisha ni kiasi cha mateso ambacho kila moja huvumilia ndani ya silinda kabla ya kulipuka bila amri ya plagi. Kwa hiyo anayetaka kuchagua daraja la petroli huanza kwa kuijua injini: inaibana petroli kiasi gani, inaipasha joto kiasi gani, na kompyuta yake inaweza kufanya nini ikipewa mafuta yenye ustahimilivu zaidi.

Kugonga kwa injini

Katika mwako wa kawaida, pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kingo za chumba cha mwako. Kazi hiyo huisha ndani ya milisekunde chache, shinikizo likipanda kwa mpangilio na kuisukuma pistoni kwenda chini. Hatari iko kwenye sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi. Gesi zilizokwisha kuungua hutanuka na kuibana sehemu hiyo dhidi ya kuta za silinda. Joto lake hupanda, na molekuli za petroli huanza kuvunjika. Moto ukiiwahi, mwako hukamilika salama. Moto ukichelewa, sehemu hiyo huwaka yote kwa mkupuo, na mawimbi ya shinikizo hudunda kutoka ukuta hadi ukuta kwa kasi ya sauti. Huko ndiko kugonga kwa injini, ambako husikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, hasa gari linapopanda mlima kwa gia kubwa.

Madhara yake hutokana na joto na mishtuko. Uso wa pistoni hulindwa na tabaka jembamba la gesi iliyopoa. Mawimbi ya kugonga hulifagia tabaka hilo, na joto la mwako huingia moja kwa moja kwenye aluminiamu. Kugonga kidogo kwa muda mfupi aghalabu hakuachi alama. Kugonga kwa nguvu, injini ikiwa chini ya mzigo mzito, huvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, huunguza gasketi ya silinda hedi, huchosha beringi za konrodi, na mwisho hutoboa pistoni. Katika injini yenye nguvu, uharibifu huo unaweza kutokea ndani ya sekunde chache za kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Wahandisi walipambana na tatizo hili mapema. Nchini Uingereza, Harry Ricardo alijenga injini ya majaribio ambayo mgandamizo wake uliweza kubadilishwa, akaonyesha kwamba mafuta yenyewe ndiyo yaliyoweka kikomo cha nguvu ya injini. Nchini Marekani, Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering katika kampuni ya General Motors, aligundua mwaka 1921 kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi huzuia kugonga. Dawa hiyo iliuzwa kuanzia 1923 na kuleta injini zenye mgandamizo mkubwa zaidi, lakini iliwatia sumu watu duniani kote kwa miongo mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha kuiuza 2021. Leo oktani huongezwa kwa kubadilisha muundo wa petroli kiwandani na kwa kutumia viungo kama ethanoli.

Namba zinavyopatikana

Kipimo cha oktani kilianzishwa na Graham Edgar wa kampuni ya Ethyl katika miaka ya 1920. Alichagua vimiminika viwili: iso-oktani, ambayo hustahimili sana kugonga, ikapewa 100, na heptani, ambayo hugonga upesi, ikapewa 0. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya iso-oktani na asilimia 5 ya heptani huitwa petroli ya 95. Mafuta yanayoishinda iso-oktani yenyewe hupata namba zaidi ya 100.

Kipimo hufanywa katika injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake hurekebishwa wakati inafanya kazi. Zipo njia mbili. Ya kwanza, inayofahamika kwa herufi RON, huendesha injini kwa mizunguko 600 kwa dakika katika hali nyepesi. Ya pili, MON, huiendesha kwa mizunguko 900 na kuupasha mchanganyiko hadi nyuzi 149 za Selsiasi kabla haujaingia kwenye silinda. Kwa kuwa njia ya pili ni kali zaidi, petroli ileile hupata MON iliyo chini ya RON. Kiwango cha Ulaya, kwa mfano, kinadai petroli ya RON 95 iwe na MON isiyopungua 85.

Tofauti ya njia hizi ndiyo chanzo cha makosa mengi ya wamiliki wa magari. Ulaya, Afrika, Japani na Australia hutumia RON. Marekani, Kanada na Meksiko huandika wastani wa RON na MON, unaoitwa AKI. Hivyo petroli ya 87 ya Marekani inakaribia RON 91 au 92. Ile ya 91 inakaribia RON 95 au 96. Na ile ya 93 inakaribia RON 97 au 98. Mwenye gari lililotoka Marekani akisoma kwenye mfuniko wa tangi kwamba injini yake inahitaji 91, kisha akaridhika na petroli iliyoandikwa RON 91, atakuwa amepungukiwa namba nne au tano bila kujua. Namba mbili za oktani hulinganishwa tu baada ya kuhakikisha zimepimwa kwa mizani moja.

Kwa injini za kisasa RON ina uzito kuliko MON. Utafiti wa Gautam Kalghatgi na wenzake umeonyesha kwamba injini zenye tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) na zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huufikisha mchanganyiko kwenye shinikizo kubwa huku joto lake likiwa la wastani, hali iliyo mbali sana na kipimo cha MON. Katika injini hizo, kati ya petroli mbili zenye RON sawa, ile yenye MON ndogo zaidi inaweza hata kustahimili vizuri zaidi.

Jina la kibiashara nalo halichukui nafasi ya namba. Shell V-Power inayouzwa Uingereza ina RON 99, ilhali Ujerumani ipo inayouzwa ikiwa na RON 100, na Marekani jina hilohilo hubandikwa kwenye petroli ya AKI 91 au 93 kutegemea jimbo. Maneno kama super, premium au ya ziada hutofautiana maana kati ya nchi na nchi. Kinachotakiwa ni namba iliyoandikwa kwenye pampu au kwenye karatasi za muuzaji.

Kinachoifanya injini ya nguvu idai oktani

Nguvu ya injini hutokana na wingi wa hewa na petroli vinavyochomwa kwa kila mzunguko, na ufanisi wa kugeuza joto hilo kuwa msukumo. Njia kuu za kuongeza yote mawili huishia mahali pamoja: shinikizo na joto kubwa zaidi ndani ya silinda.

Njia ya kwanza ni uwiano wa mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Injini yenye uwiano wa 12 kwa 1 hutoa kazi zaidi kwa tone lilelile la petroli kuliko ya 9 kwa 1, lakini huusogeza mchanganyiko karibu na ukingo wa kugonga. Njia ya pili ni tabo au supachaja, ambazo husukuma hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa inapobanwa na tabo hupata joto hata kabla ya kuingia kwenye silinda. Ndiyo maana magari haya huwekewa kipoza hewa kati ya tabo na injini. Njia ya tatu ni kuwahisha cheche ya plagi, ili shinikizo lifike kileleni wakati pistoni iko mahali pa kunufaika nalo. Cheche ikiwahi mno, shinikizo hupanda pistoni ikiwa bado inakuja juu, na kugonga huanza.

Kompresheni peke yake haitoshi kukisia oktani inayohitajika. Injini ya lita mbili ya Subaru Impreza WRX STI iliyouzwa Japani ina uwiano wa 8 kwa 1 tu, namba ambayo kwa gari lisilo na tabo ingeashiria petroli duni kabisa. Hata hivyo injini hiyo inadai petroli ya daraja la juu, kwa sababu tabo huijaza silinda kwa shinikizo kubwa. Kwa upande mwingine, Mazda ilianzisha mwaka 2011 injini za Skyactiv-G zenye uwiano wa 14 kwa 1 zisizo na tabo, na zile za Ulaya zilitumia petroli ya RON 95. Mazda ilifanikiwa kwa kutengeneza mabomba ya ekzosi yanayoondoa gesi za moto zilizosalia ndani ya silinda, kwa kuunda upya uso wa pistoni, na kwa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambako petroli ikigeuka mvuke hupoza hewa iliyoingia. Kwa hiyo mwenye gari hawezi kusoma namba moja ya injini na kujihukumia. Anayejua jumla ya mambo haya yote ni mtengenezaji aliyeipima injini.

Mazingira huongeza au hupunguza hitaji hilo. Hewa ya moto huisogeza injini karibu na kugonga. Unyevu mwingi huisogeza mbali kidogo. Mwinuko una athari kubwa zaidi. Nairobi, iliyo kwenye takriban mita 1,700, ina shinikizo la hewa lililo chini ya lile la Mombasa kwa takriban asilimia 18. Injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kwa kiasi hichohicho, hivyo hubana mchanganyiko mwepesi na hudai oktani ndogo. Kwa sababu hiyo majimbo ya milimani ya Marekani huuza petroli ya AKI 85, na katika nyanda za juu za Afrika Kusini petroli ya 93 imezoeleka kwa muda mrefu wakati pwani hutumia 95. Lakini kanuni hiyo haifai kwa gari lenye tabo inayoongozwa na kompyuta, kwa kuwa tabo huzunguka kwa kasi zaidi kufidia upungufu wa hewa na kurudisha shinikizo lilelile ndani ya injini. Tena hewa iliyobanwa zaidi huwa ya moto zaidi. Dereva wa gari la tabo anayeishi Eldoret hana ruhusa ya kushusha oktani kwa kisingizio cha mwinuko, na dereva wa gari lisilo na tabo anayeteremka kutoka Eldoret kwenda Mombasa ajue kwamba injini iliyokuwa kimya juu inaweza kuanza kugonga pwani.

Afya ya injini ni sharti jingine. Masizi yanayojikusanya kwenye chumba cha mwako hupunguza nafasi na kushikilia joto, hivyo injini yenye umri mkubwa mara nyingi hudai oktani zaidi ya ilivyodai ilipokuwa mpya. Rejeta iliyoziba, nozeli chafu zinazopunguza petroli, na plagi zisizo za aina iliyopendekezwa hufanya vivyo hivyo. Katika hali hizo petroli ya bei kubwa huficha ugonjwa tu. Dawa yake iko gereji.

Kompyuta ya injini na mipaka yake

Magari karibu yote ya kisasa yana sensa ya kugonga, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bloku ya injini ambacho husikiliza mitetemo ya kilohezi kadhaa inayotokea mchanganyiko unapojiwasha. Saab ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuitumia kwa manufaa makubwa, pale ilipounganisha sensa hiyo na tabo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili injini ipunguze yenyewe shinikizo inapopewa petroli hafifu. Leo kompyuta ikisikia kugonga huchelewesha cheche kwa nyuzi chache, hupunguza shinikizo la tabo, au huongeza petroli ili kupoza mwako. Hali ikitulia, huiwahisha cheche tena kidogo kidogo.

Ulinzi huu una gharama. Cheche iliyochelewa hutoa nguvu ndogo na kula mafuta zaidi, na gesi zinazotoka huwa za moto zaidi, jambo linaloitesa tabo na kichujio cha ekzosi. Pia ni ulinzi unaofuata tukio: sensa husikia kugonga kulikokwisha kutokea. Injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, kelele za kawaida zinaweza kuufunika mlio wa kugonga. Na kila kompyuta ina kikomo cha kuchelewesha cheche. Petroli ikiwa hafifu kupita kikomo hicho, kugonga huendelea.

Upande wa juu una kikomo pia. Kompyuta haiwezi kuwahisha cheche zaidi ya ramani, yaani jedwali la maagizo, iliyowekewa na mtengenezaji. Injini iliyotengenezwa kwa RON 91 ikipewa RON 98 haigongi, kama ambavyo haikugonga kwa 91, na hakuna nguvu ya ziada inayopatikana. Mwako haubadiliki, na fedha zilizozidi zimepotea. Hata ile imani kwamba petroli ya oktani kubwa huungua polepole na kwa hiyo hudumu zaidi haina msingi. Oktani huamua lini mchanganyiko utajiwasha wenyewe, haiamui mwendo wa moto uliowashwa na plagi.

Historia ya ndege za kivita inathibitisha jambo hili waziwazi. Mwaka 1940, ndege za Uingereza zenye injini ya Rolls-Royce Merlin zilianza kutumia petroli ya oktani 100 badala ya 87. Faida ilikuja kwa sababu injini iliruhusiwa kuongeza shinikizo la supachaja kutoka takriban ratili 6 hadi 12 kwa inchi ya mraba, na nguvu ikapanda kutoka takriban farasi 1,030 hadi 1,310. Petroli mpya ilitoa ruhusa. Shinikizo lililoongezwa ndilo lililotoa nguvu. Dodge Challenger SRT Demon ya 2018 iliirudia kanuni hiyo barabarani: ilitoa nguvu za farasi 808 kwa petroli ya AKI 91, na 840 kwa petroli ya mbio ya 100 au zaidi, lakini ongezeko hilo lilihitaji kompyuta maalumu yenye ramani ya mafuta hayo.

Maagizo ya mtengenezaji

Maagizo ya petroli huandikwa kwenye kitabu cha gari na mara nyingi ndani ya mfuniko wa tangi, nayo yapo ya aina tatu. Kila aina ina uamuzi wake.

Aina ya kwanza inasema petroli ya kawaida inatosha. Hapa hakuna mjadala: daraja la juu halileti faida ya oktani. Dawa za kusafisha nozeli zinazochanganywa katika petroli za bei kubwa zinaweza kuwa na manufaa yake, lakini hilo ni suala jingine, na si kila petroli ya oktani kubwa ina dawa hizo.

Aina ya pili inapendekeza daraja la juu na kuruhusu la chini. Injini hizi huweza kuishi na petroli ya kawaida kwa kuchelewesha cheche, na nguvu zilizoandikwa kwenye matangazo zimepimwa kwa petroli bora. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima magari ya kundi hili mwaka 2017 na kupata kwa wastani kwamba daraja la juu liliongeza nguvu kwa asilimia 1.4 na kuboresha matumizi ya mafuta kwa asilimia 2.7. Kwa hesabu ya mfuko, petroli inayozidi bei kwa asilimia 10 hailipi gharama yake kwa safari za kawaida. Kwa gari linalopanda milima likiwa na mzigo, linalokimbia kwenye joto kali, au linaloshiriki mbio, uamuzi hugeuka, kwa maana hapo injini hukaa kwenye eneo ambalo cheche huchelewa mara nyingi na nafasi ya usalama huwa ndogo.

Aina ya tatu inaamuru daraja la juu. Amri hiyo hufuatwa. Ikilazimu kujaza petroli hafifu kwa sababu hakuna nyingine njiani, lita zinazonunuliwa ziwe za kumfikisha dereva kwenye kituo chenye petroli sahihi, na mwendo uwe wa upole: mafuta yakanyagwe kidogo, gia ndogo itumike kwenye mwinuko badala ya kuilazimisha injini ivute kwa mizunguko michache, na tabo isisukumwe hadi mwisho.

Magari ya Japani katika Afrika Mashariki

Swali hili lina uzito wa pekee Kenya, Tanzania na Uganda, ambako magari mengi ya nguvu yaliyopo barabarani ni yaliyotumika Japani: Subaru Forester na Impreza zenye tabo, Mitsubishi Lancer Evolution, Nissan Skyline na ndugu zao. Kiwango cha Japani kinatambua petroli za madaraja mawili, ya kawaida isiyopungua RON 89 na ya juu isiyopungua RON 96, na ile ya juu inayouzwa vituoni kwa kawaida huwa 98 hadi 100. Wahandisi wa Japani walizipanga injini za michezo kwa petroli hiyo ya juu. Gari kama hilo likitua Mombasa au Dar es Salaam na kujazwa petroli ya pampu ya kawaida, linaweza kupungukiwa namba kadhaa ambazo ramani yake ilizitegemea.

Hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa kibandiko cha ndani ya mfuniko wa tangi na kitabu cha gari vimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi mwangalifu hukipiga picha kibandiko hicho, akapata tafsiri yake kabla ya kujaza tangi mara ya kwanza. Injini hutambulika pia kwa herufi na namba zilizopigwa kwenye bloku na kwenye kibati cha gari; kwa herufi hizo fundi anaweza kujua ni injini ya tabo au isiyo na tabo, kwani umbo la nje la Forester mbili linaweza kufanana ilhali mahitaji ya petroli yakatofautiana kabisa. Iwapo petroli ya RON 98 haipatikani mahali gari linapoishi, njia ya uhakika ni kumpa fundi mwenye vifaa vya kupimia kazi ya kurekebisha ramani ya kompyuta na kushusha shinikizo la tabo ili lilingane na petroli iliyopo. Nguvu kidogo itapotea, na injini itabaki.

Usafi wa petroli yenyewe nao huingia katika hesabu. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na yakichanganywa na petroli hata kwa kiasi kidogo huishusha namba. Tanzania ilianza 2010 kuweka vinasaba (alama za kemikali) katika mafuta kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ili kubaini uchakachuaji, na Kenya iliweka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya. Kwa mwenye injini ya nguvu, kituo kinachoaminika na kinachouza mafuta mengi kila siku kina thamani kuliko jina la petroli lililoandikwa kwa rangi za kuvutia.

Injini zilizoongezwa nguvu, ethanoli na viongeza

Pindi ramani ya kompyuta inapobadilishwa, tabo kubwa inapofungwa au silinda hedi inapokatwa ili kuongeza kompresheni, kitabu cha mtengenezaji hupoteza mamlaka yake. Oktani sahihi sasa ni ile iliyotumika wakati wa kuitengeneza ramani mpya. Fundi anayepanga ramani kwa RON 98 anapaswa kumwandikia mteja jambo hilo, na mteja anapaswa kulishika kama sheria. Mwenye gari anayebadilisha mikoa mara kwa mara afadhali adai ramani iliyopangwa kwa petroli hafifu zaidi atakayokutana nayo.

Ethanoli imekuwa kipenzi cha wapanga ramani kwa sababu RON yake inazidi 105, na ikigeuka mvuke hupoza hewa zaidi ya mara mbili ya petroli. Gari la Koenigsegg Jesko hutoa nguvu za farasi 1,280 kwa petroli na 1,600 kwa E85, mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni ethanoli. Lakini lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli, hivyo pampu na nozeli lazima zipitishe mafuta mengi zaidi. Mipira na metali za mfumo wa mafuta lazima ziwe za aina inayostahimili. Na ethanoli hunyonya maji kutoka hewani. E85 ikimiminwa katika injini isiyoandaliwa huufanya mchanganyiko ukose petroli ya kutosha, na kosa hilo huua injini upesi kama kugonga kwenyewe.

Viongeza vya oktani vinavyouzwa kwa chupa huhitaji kusomwa kwa makini. Neno pointi kwenye chupa nyingi humaanisha sehemu ya kumi ya namba moja, kwa hiyo ahadi ya pointi 30 ni ahadi ya namba tatu tu, tena kwa kiasi cha petroli kilichotajwa. Baadhi yake hutumia michanganyiko ya manganizi au chuma, ambayo huacha utando mwekundu kwenye plagi na kuchafua kichujio cha ekzosi. Kuchanganya madaraja mawili ya petroli kwenye tangi ni salama zaidi na hesabu yake ni nyepesi: nusu ya RON 91 na nusu ya RON 98 hutoa takriban 94.5.

Kuna kugonga ambako oktani pekee haiwezi kukutibu. Injini ndogo za tabo zinazopuliza petroli ndani ya silinda zinaweza kupatwa na mwako wa mapema katika mizunguko michache, unaochochewa na matone ya oili na masizi. Viwango vipya vya oili, kama API SP iliyoanza 2020, vilitungwa kwa sehemu ili kulizuia tatizo hilo. Mwenye gari la aina hiyo achague oili kwa uangalifu uleule anaotumia kuchagua petroli.

Uamuzi

Kuchagua daraja la oktani, basi, hufuata mpangilio mmoja. Kwanza injini itambuliwe kwa hakika, pamoja na soko ambalo ilitengenezewa. Pili, namba iliyoagizwa igeuzwe iwe RON ikiwa iliandikwa kwa AKI. Tatu, ibainishwe kama namba hiyo ni amri au pendekezo. Nne, yafikiriwe mazingira: joto, mzigo, mwinuko, na kama kuna tabo. Tano, ijulikane namba halisi ya petroli inayopatikana, na pale inapopungua, ramani ya injini ishushwe hadi ilingane nayo.

Makosa mawili yanayotokea hayana uzito sawa. Kununua oktani kubwa kuliko inayohitajika hupoteza fedha tu. Kununua ndogo kuliko iliyoamriwa huweka rehani pistoni, tabo na gasketi kwa akiba ya shilingi chache kwa lita. Mmiliki wa injini yenye nguvu ambaye hawezi kumudu petroli inayodaiwa na injini hiyo, au haipati mahali anapoishi, ana uchaguzi wa haki wa aina mbili: kuipunguzia injini kazi kwa ramani sahihi, au kununua gari jingine.